Mzigo Ukidoda, Hasara Ni ya Mwenye Duka Peke Yake

Tarehe 14 Januari 2025, kampuni ya Diamond Comic Distributors iliiomba mahakama ya Maryland, Marekani, iipe kinga dhidi ya wadai wake. Wengi wetu huku jina hilo halitushtui. Lakini kwa mwenye duka la vitabu vya katuni, awe Ohio au Oregon, hiyo ndiyo kampuni iliyomletea karibu kila toleo jipya alilouza kati ya 1997 na 2020. Batman, Spider-Man, na vijarida vya wachapishaji wasiojulikana hata na wateja wake, vyote vilipita kwenye maghala hayo kabla ya kufika rafuni. Ilipoanguka, iliyatikisa maduka ambayo tayari yalikuwa hoi.

Maelezo ya kwa nini maduka haya yanafungwa ni mengi, na karibu yote yanamwangushia mteja lawama. Watoto hawasomi tena, wamehamia kwenye simu. Watu wameridhika na filamu. Amazon imewapora wanunuzi. Siyakubali maelezo hayo, kwa sababu hesabu zinayakataa. Mwaka 2021 mauzo ya katuni kwa Marekani na Kanada, kwa makadirio ya Comichron na ICv2, tovuti zinazofuatilia mauzo ya katuni, yalivuka dola bilioni 2, kiwango ambacho soko hilo halikuwa limewahi kufikia. Vitabu vya Dav Pilkey vya watoto vinachapishwa kwa mamilioni. Katuni za Kijapani zimejaza rafu nzima katika maduka makubwa ya vitabu. Na hiyo katuni ya kidijitali iliyotabiriwa kuua karatasi? comiXology, duka la katuni za mtandaoni, ilianzishwa 2007, Amazon ikainunua 2014, na 2022 ikaimeza ndani ya Kindle kwa namna iliyowaudhi hata wateja wake waaminifu. Karatasi bado ipo.

Wasomaji wapo, basi. Kinachoyamaliza maduka ni masharti ya biashara yenyewe: mwenye duka huagiza mzigo ambao hajauona, miezi miwili au mitatu kabla haujatoka, na usipouzika haruhusiwi kuurudisha.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya miaka ya 1970 katuni za Marekani ziliuzwa kama magazeti yanavyouzwa kwetu. Muuza magazeti wa Kariakoo, au wa Mtaa wa Tom Mboya kule Nairobi, huchukua nakala asubuhi, huuza anazoweza, na zilizobaki hurudi kwa msambazaji. Hasara ya karatasi ni ya mwenye gazeti. Ndivyo jarida la Sani lilivyomfikia msomaji wa Dar es Salaam, na ndivyo vijarida vya Marvel na DC vilivyomfikia mtoto wa Brooklyn kwenye duka la dawa au kibanda cha magazeti. Muuzaji alichana kipande cha jalada la nakala isiyouzika, akakirudisha kama ushahidi, akafutiwa deni. Baadaye hata jalada halikudaiwa, tamko la maandishi la msambazaji likatosha, na udanganyifu ukapata mlango. Mchapishaji alikuwa akichapa nakala nyingi mno kuliko zile zilizoishia mikononi mwa msomaji.

Hapo ndipo alipotokea Phil Seuling, mwalimu wa sekondari kutoka Brooklyn aliyekuwa akiandaa maonyesho ya katuni New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwaendea wachapishaji na pendekezo rahisi: niuzieni moja kwa moja, nipeni punguzo kubwa zaidi, nami sitarudisha hata nakala moja. Wachapishaji walikubali, na wasingeweza kukataa, kwa kuwa kila nakala iliyotoka kiwandani sasa ilikuwa imeshauzwa.

Nataka kuwa mwadilifu kwa mapatano hayo, maana bila hayo maduka yenyewe yasingekuwapo. Punguzo lile kubwa ndilo lililomwezesha kijana mwenye mtaji mdogo kukodi chumba, kuweka rafu na kuishi kwa kuuza katuni peke yake. Na kwa kuwa mchapishaji alijua idadi ya maagizo kabla ya kuchapa, hata mtu asiye na kampuni aliweza kuingia. Kevin Eastman na Peter Laird walitoa toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles mwaka 1984 kwa nakala zipatazo 3,000, na sehemu ya fedha ilikuwa mkopo wa mjomba. Kwa mfumo wa vibanda vya magazeti, nakala 3,000 zisingeweza hata kuingia kwenye lori. The Walking Dead ilianza 2003 kwa nakala zinazokaribia 7,000 tu, na waliowasukumia wateja wa kwanza kuisoma walikuwa watu waliosimama nyuma ya kaunta. Mwenye duka mzuri hukumbuka ulichosoma mwezi uliopita, hukuchomolea kitu usichokijua na kukuambia, jaribu hiki. Kazi hiyo haina mbadala, na ndiyo sababu suala hili linaniuma.

Tukitazama hesabu, tuchukue kijarida cha dola 4, bei ya kawaida kwa miaka ya karibuni, ingawa vingi sasa vimefika 5. Duka lenye punguzo la asilimia 50 hulipa dola 2 kwa nakala. Likiagiza 20, limetoa dola 40. Zikiuzwa 15, limeingiza 60, na 20 zimebaki za kulipa kodi ya pango, umeme, mshahara na usafiri. Zikiuzwa 10, limerudisha mtaji tu. Zikiuzwa 8, limekula hasara kabla ya bili yoyote. Sasa weka duka dogo la mji mdogo, ambalo halifikii kiwango cha maagizo kinachostahili punguzo hilo, na hupewa asilimia 40 tu. Hilo linahitaji kuuza nakala 12 kati ya 20 ili lisimame pale lilipoanzia. Maana yake mdogo ananunua ghali na anabeba hatari kubwa zaidi kuliko mkubwa. Na anafanya kamari hiyo kwa mamia ya matoleo kila mwezi.

Mwanzoni kulikuwa na bima moja iliyofanya mapatano haya yavumilike, na naona wachambuzi wengi wanaisahau. Katika miaka ya 1970 na 1980, nakala isiyouzwa leo ilikuwa mali ya kesho. Msomaji aliyekosa toleo la mwezi Machi hakuwa na njia nyingine ya kulisoma ila kulitafuta kwenye makasha ya matoleo ya zamani, na pengine alilipa zaidi ya bei ya jalada. Kilichododa hakikuwa takataka. Ndiyo maana duka la wakati ule lilikuwa limejaa masanduku marefu ya karatasi ngumu, na masanduku hayo ndiyo yaliyolipa kodi miezi mibaya.

Bima hiyo wachapishaji waliiondoa wenyewe. Kadiri miaka ya 2000 ilivyosonga, karibu kila hadithi ilianza kukusanywa matoleo matano au sita ndani ya kitabu kimoja, miezi michache baada ya toleo la mwisho. Kwa msomaji ni neema. Kwa mwenye duka, nakala sita zilizobaki mkononi zilipoteza maana siku kitabu kilipotoka, zikahamia kwenye kasha la dola moja. Kitabu hichohicho kikauzwa pia kwenye maduka ya kawaida ya vitabu, ambayo, tangu Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930, yana haki ya kurudisha kisichouzika. Kwa hiyo watu wawili wanauza hadithi ileile. Mmoja akikosea hesabu anaita gari lirudishe makasha, mwingine akikosea anayaweka chumba cha nyuma hadi chumba kijae. Nadhani hapa ndipo penye dhuluma yenyewe, kuliko penginepo pote katika biashara hii.

Halafu kuna wateja wa orodha. Haya ni mazoea ya miongo mingi: mteja anakuachia orodha ya majarida anayotaka, nawe unamtengea kila Jumatano, siku ambayo matoleo mapya huingia. Ni uhusiano mzuri, unaojengwa kwa kuaminiana, na maduka mengi yanaishi kwa orodha hizo. Lakini mteja akihama mji, akiachishwa kazi, au akichoka tu, haji tena wala hapigi simu. Kasha lake linajaa. Matoleo ya miezi miwili ijayo yameshaagizwa kwa jina lake na hayafutiki yote. Mwenye duka hawezi kumshtaki mtu kwa dola 60, na hawezi kumrudishia mchapishaji. Ukiwauliza wenye maduka kinachowakosesha usingizi, wengi wataanza na makasha haya kabla hawajafika kwa Amazon.

Na kuna majalada mbadala. Mchapishaji hutoa toleo moja kwa majalada kadhaa, na lile adimu hulipati mpaka uagize nakala 25 za kawaida, au 50, au 100. Duka linalohitaji nakala 12 linaagiza 25 kwa matumaini kwamba jalada moja adimu litauzwa dola 30 au 40 na kufidia zile 13 za ziada. Mara nyingine hufidia. Mchapishaji kwenye vitabu vyake ameandika mauzo ya nakala 25, na msomaji wa kweli wa zile 13 hayupo. Huko ni kumpa mwenye duka mkopo wa matumaini na kumtoza riba ya karatasi.

Tulishaona mwisho wa mchezo huu. Mwaka 1991 toleo la kwanza la X-Men jipya lilitoka na majalada matano, na maduka yakaagiza nakala zaidi ya milioni 8. Wasomaji milioni 8 wa X-Men hawakuwapo Marekani. Walikuwapo watu walionunua nakala tano kila mmoja wakiamini zitawasomeshea watoto chuo kikuu. Novemba 1992 kilipochapishwa kifo cha Superman, watu walipanga foleni nje ya maduka, na mifuko myeusi iliyofunga toleo hilo ikahifadhiwa bila kufunguliwa. Kampuni ya Image, iliyoanzishwa mwaka huohuo na wachoraji saba walioacha kazi kwa Marvel, iliuza kwa kasi ya ajabu na ikachelewesha kwa kiwango kilekile. Deathmate, mradi wake wa 1993 wa pamoja na Valiant, mchapishaji mwingine, uliagizwa kwa wingi mno, na baadhi ya sehemu zake zikafika wakati wateja wameshasahau. Mwenye duka alikuwa ameahidi kulipa, na mzigo ulipofika akalipa. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba kulikuwa na maduka yapatayo 10,000 kileleni mwa kipindi hicho. Leo yanatajwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000.

Baada ya mporomoko ule ndipo lilipokuja kosa la pili, na hili lilitoka juu kabisa. Mwishoni mwa 1994 Marvel ilinunua msambazaji wake yenyewe, Heroes World, na 1995 ikatangaza kuwa majarida yake yatapatikana huko tu. DC, Image na Dark Horse, kwa hofu ya kuachwa, zikajifunga kwa Diamond. Capital City, mshindani mkubwa, akabaki bila mzigo wa maana na akauzwa kwa Diamond 1996. Heroes World haikuweza kazi. Marvel ikaomba kinga ya kufilisika Desemba 1996, na 1997 ikarudi kwa Diamond kama wengine. Ndani ya miaka mitatu hivi, soko lililokuwa na wasambazaji wengi likawa na mmoja. Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza ukiritimba huo na mwaka 2000 ikafunga uchunguzi bila kuchukua hatua.

Msambazaji mmoja hana sababu ya kukubembeleza. Kasha likifika limelowa, ukilalamika utasubiri. Ukichelewa kulipa, mzigo wa wiki ijayo hauji, na duka la katuni bila matoleo ya wiki hii ni chumba chenye karatasi za zamani. Sisemi Diamond ilikuwa kampuni mbaya. Wenye maduka wengi wanakumbuka kuwa katika miaka migumu iliwavumilia madeni. Ninachosema ni kwamba riziki ya maduka elfu kadhaa ilining'inia kwenye msumari mmoja.

Msumari uling'oka mwaka 2020. Korona ilipofunga miji, Diamond ilisimamisha usambazaji wa matoleo mapya kuanzia Aprili 1 hadi katikati ya Mei, na ikatangaza kuchelewesha malipo kwa wachapishaji. Kwa majuma saba Diamond haikuleta toleo jipya madukani. Watu wa fani walijitokeza kusaidia. Jim Lee wa DC alichora picha 60 na kuzipiga mnada kwa ajili ya maduka, na mfuko wa hisani wa wauza vitabu ukagawa misaada. Inatia moyo, ila mnada wa picha haubadilishi kipengele hata kimoja cha masharti ya ununuzi.

Juni 2020 DC iliihama Diamond. Oktoba 2021 Marvel ikaenda Penguin Random House, kampuni kubwa ya vitabu ambayo pia husambaza, na wengine wakafuata. Image ikaishia kwa Lunar, msambazaji mpya. Ukiritimba ulivunjika, na mimi ni wa kwanza kusema ilikuwa heri uvunjike. Lakini gharama ya kuuvunja nayo ilimwangukia yuleyule. Badala ya akaunti moja akawa nazo tatu, na kila moja ina tarehe zake za mwisho za kuagiza, punguzo lake, ankara zake na utaratibu wake wa madai ya vitabu vilivyofika vimekunjika, ambavyo mwanzoni havikuwa vichache. Duka la mtu mmoja na msaidizi wa jioni limegeuka ofisi ya uhasibu. Saa zilizokuwa za kuongea na mteja zinaliwa na kompyuta.

Kisha ikaja 2025. Katika shauri la Diamond liliibuka jambo lililowashtua wachapishaji wadogo: walikuwa wameacha vitabu vyao kwenye ghala la Diamond kwa mali kauli, walipwe vikiuzwa, na sasa kampuni ikaomba mahakama iruhusu mzigo huo uuzwe ili mkopeshaji wake, benki ya JPMorgan Chase, alipwe. Walipinga kwa nguvu, na haki yao. Wameonja kwa mara moja woga ambao mwenye duka anaishi nao kila mwezi, wa kumwachia mwenzio hatari yote ya mali huku wewe huna neno la mwisho.

Najua pingamizi la wachapishaji, na si la kupuuzwa. Wanasema haki ya kurudisha ndiyo iliyokaribia kuwaua miaka ya 1970, kwamba karatasi na usafiri vimepanda, kwamba wakiruhusu marejesho itabidi wapunguze punguzo. Yote yana ukweli. Hata hivyo, wao wenyewe wameshajaribu njia ya kati na ikafanya kazi. Septemba 2011 DC ilipoanza upya majarida 52 kwa mpigo, iliyaruhusu maduka yaliyoagiza kiwango fulani kurudisha yasiyouzika kwa ada ndogo. Mwaka 2016, ilipoyaanzisha tena majarida yake chini ya jina la Rebirth, ikaruhusu marejesho tena. Mara zote mbili maduka yaliagiza kwa ujasiri, mauzo yakapanda, na wateja wakayakuta majarida rafuni badala ya kuambiwa yameisha. Mwenye duka akiondolewa woga huagiza zaidi. Akiachiwa woga huagiza yale ya wateja wa orodha tu, na mtu mpya anayeingia mlangoni hakuti kitu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba wachapishaji wanaopanga masharti yao na Lunar, Penguin Random House na wengineo wana nafasi ambayo haijatokea tangu 1995. Waweke kipengele kimoja cha kudumu: matoleo matatu ya kwanza ya kila jarida jipya yarudishwe, hata kama punguzo lake litashuka kwa asilimia chache. Matoleo hayo ndiyo ambayo mwenye duka hana njia yoyote ya kuyakisia, kwa kuwa hayana historia ya mauzo. Kuanzia la nne ana takwimu zake, abebe mzigo wake. Na majalada adimu yasifungwe tena kwenye idadi ya maagizo. Anayelitaka alinunue kwa bei yake.

Kipengele hicho kitamgharimu mchapishaji, na atajibu kwa kupunguza majarida anayoyaanzisha kila mwaka na kuyafuta kabla hayajafika toleo la sita. Apunguze. Jarida ambalo mchapishaji mwenyewe hayuko tayari kulibebea hasara ya matoleo matatu, hakuwa na haki ya kumtaka mwenye duka wa Dayton, Ohio, alinunue kwa fedha taslimu.